Barua kwa Mkaguzi Namba 14

3 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaiandika, kwa hiyo naijibu kabisa tusipoteze muda.

Barua hii inakuja mjini na dereva wa lori, naye ataitia posta akishashusha mzigo. Mzigo wenyewe ndio habari. Ni mbao mia mbili na arobaini, za kwanza kupasuliwa na mikono yetu kutoka msitu wetu tangu turudishiwe. Wale waliotutoa humo enzi za babu yako walisema sisi hatujui kutunza miti. Ajabu ni kwamba kila walipotutoa miti iliisha, na ilibaki pale tu walipochoka kutufukuza.

Tumekata miti arobaini, yote katika kipande cha kwanza. Kila mmoja ulipigwa alama kabla ya kuangushwa, na mikubwa ya mbegu tumeiacha imesimama. Fundi wa msumeno amepasua magogo kwa mwezi mzima akilalamika kama kawaida yake. Mnunuzi ni kiwanda cha samani huko kwenu. Wameahidi kuwa mzigo huu ukiwafaa watachukua mwingine kila msimu.

Na lazima uwafae. Yule mkandarasi niliyekuambia bado anazunguka nyumba kwa nyumba. Anataka tumwachie msitu wote aukate kwa mkupuo mmoja, naye atutengenezee barabara na kutupa mabati. Wako wanaomsikiliza, wakiwemo wa ukoo wetu, na siwalaumu. Mtu anayevujiwa na paa hawezi kuhubiriwa habari za mbegu. Mwisho wa Aprili tuna mkutano wa kuamua. Mbao hizi zikipokelewa, nitakuwa na cha kusimama nacho.

Wewe endelea na ofisi yako ya vipimo. Wauza sukari wasiwaibie watu kwenye mizani.

Shangazi yako,
Katibu wa Kamati ya Msitu (usicheke)


9 Februari

Mwanangu,

Hujajibu barua yangu ya kwanza, na mimi sina subira ya kungoja.

Zimerudi zote. Lori liliingia uwanjani mchana, watu wakadhani linakuja kuchukua mzigo wa pili, wakaanza kupiga vigelegele. Dereva hakushuka. Alinipa karatasi kupitia dirishani huku anatazama usukani.

Karatasi ina mistari miwili. "Mzigo umekataliwa. Unyevu umezidi." Chini kuna muhuri na maneno "Mkaguzi Namba 14". Mtu hana hata jina, ana namba kama gunia la mahindi. Nimejaribu kuiwazia sura yake nikashindwa. Nadhani ni mtu wa kiti na feni, ambaye hajawahi kubeba ubao begani hata wa kufungia kuku. Kama ana shangazi, namhurumia huyo shangazi.

Mkandarasi alifika kabla hatujamaliza kushusha. Akapitisha kidole kwenye ubao, akakinusa, akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma, "Mama, msitu si shamba la mboga. Waachieni wenye kazi yao." Shemeji yangu akatikisa kichwa kumkubalia, mbele yangu.

Kwa kuwa wewe uko kwenye maofisi huko, nifanyie kazi moja. Mtafute huyo Namba 14. Usimtukane, wewe ni mtoto mwenye adabu. Mwambie tu kwamba kuna watu mia tatu huku ambao mistari yake miwili imewakalisha chini.

Shangazi yako


8 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya, kazi zilinizidi. Pole sana kwa mbao. Nimeumia kuliko ninavyoweza kuandika.

Huyo mkaguzi sidhani kama nitaweza kumpata. Ofisi hizi ni nyingi. Lakini nimeulizia wanaojua mambo ya mbao, na nakuomba unisikilize kabla hamjazichoma kwa hasira au kumwachia mkandarasi. Mbao hazijaharibika. Ni mbichi tu. Ubao wenye unyevu wa asilimia ishirini na saba ukitengenezwa mlango leo, baada ya miezi kadhaa mlango haufungi, na kiwanda hakitanunua tena kwenu hata muwape bure.

Jengeni banda lenye paa lakini lisilo na kuta, upepo upite. Zipangeni mbao tabaka kwa tabaka, na kati ya tabaka na tabaka mweke vijiti vya unene wa dole gumba. Vijiti vyenyewe visimame mstari mmoja, cha juu kikae sawasawa juu ya cha chini, la sivyo ubao utapinda. Ncha za mbao zipakeni rangi zisipasuke. Juu kabisa wekeni mawe mazito. Kisha ngojeni. Kungoja ndiyo kazi yenyewe.

Msalimie fundi wa msumeno.

Mpwa wako


17 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya nne nikamsomea fundi, kwa sababu mambo ya vijiti ni yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa penseli sikioni, akaniuliza, "Hiyo ishirini na saba ameitoa wapi?"

Nikamwambia ameitoa kwenye karatasi. Akasema tuilete karatasi. Tukaileta. Karatasi haina namba yoyote isipokuwa kumi na nne.

Mimi sikukuandikia ishirini na saba, wala dereva hakuijua. Nijibu swali moja tu, na usinizungushe, maana mimi ndiye niliyekufundisha kuzungusha maneno.

Umejuaje?

Shangazi yako


26 Machi

Shangazi,

Mficha uchi hazai. Namba 14 ni mimi.

Ofisi yangu ya vipimo haipimi sukari. Inapima mbao za viwanda. Nilikuacha uamini kwamba ni ya mizani kwa sababu huko nyumbani kila aliyekuja na kamba ya kupimia alikuja kutuhamisha. Nilikuwa na miaka sita walipoweka vigingi nyuma ya jiko la bibi. Nilipopata kazi hii niliifurahia sana, shangazi, halafu nikaona siwezi kukuambia. Sikutaka kuwa mmoja wao machoni pako.

Siku ile niliitwa kwenye uwanja wa kiwanda kama siku nyingine. Lori lilikuwa limeshafunguliwa nyuma. Niliona kwanza ncha za mbao, na kwenye kila ncha mistari mitatu ya rangi nyekundu, alama ya ukoo wetu. Hapo hapo nilipaswa kumwambia bosi wangu kwamba mzigo huu ni wa nyumbani, apime mtu mwingine. Sheria yetu inasema hivyo. Nilinyamaza. Nilikuwa na hamu ya kuupitisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, halafu siku moja nije nikusimulie.

Nikachomeka kipimo kwenye ubao wa kwanza, ikaja ishirini na nane. Wa pili ishirini na sita. Nilipima mbao thelathini. Nikabadilisha betri nikiomba kipimo kiwe kibovu, nikapima thelathini nyingine. Wanapokea kumi na mbili, mwisho kumi na nne. Bosi alipita akaniuliza, "Namba Kumi na Nne, unalia?" Nikamwambia ni vumbi la mbao.

Ningeweza kuandika kumi na mbili. Hakuna ambaye angejua kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, na kufikia hapo milango yetu ingekuwa imepinda katika nyumba za watu, na alama yetu ingekuwa jina baya mji mzima. Haya nayasema sasa kwa utulivu. Siku ile sikuwaza hivyo. Mkono tu ulikataa.

Uliniagiza nimwambie Namba 14 kuhusu watu mia tatu. Nimemwambia. Hajalala vizuri tangu hapo.

Mpwa wako


20 Aprili

Kwa binti,

Ni mimi fundi wa msumeno. Naandika kwa penseli ya kazi, kwa hiyo ukiona mistari minene ujue si hasira.

Shangazi yako hajui kama nakuandikia. Barua yako ilifika. Aliisoma akiwa amekaa juu ya gogo, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa gauni, na tangu hapo hajasema juu yake hata na mimi ambaye huniambia mpaka bei ya chumvi. Nilijua mwenyewe kilichomo. Namba haiokotwi barabarani.

Lakini nikuambie anachofanya. Amejenga banda. Amewashika watu kumi na wawili, wakiwemo wawili wa upande wa mkandarasi, wakazipanga mbao zote kama ulivyoandika. Akapita na uzi kuangalia vijiti. Palipopinda akabomoa, wakaanza upya. Sijawahi kuona mtu akipanga mbao kwa hasira zikanyooka namna ile. Kila asubuhi anaenda kuzishika.

Kuna jambo la siku tulipopakia lori lile la kwanza. Si langu kulisema. Akikuandikia, atalisema yeye. Asipokuandikia, njoo umuulize.

Nina swali la kazi. Kipimo hatuna. Nimekata kipande kidogo katikati ya ubao wa ziada, nikakipima kwenye mizani ya duka, nikakianika juu ya jiko siku mbili mpaka uzito ukaacha kupungua, nikapima tena, nikapiga hesabu. Imekuja kumi na tisa. Je, njia hii ni halali au najidanganya?

Mke wangu anasema kipande hicho kimemharibia ladha ya mchuzi.

Fundi


29 Aprili

Fundi, shikamoo.

Ni halali kabisa. Ndiyo njia ambayo hata sisi tunahakikishia vipimo vyetu. Chukua kipande mbali na ncha, na usichukue kwenye ubao mmoja tu. Kumi na tisa ni mwendo mzuri. Muombe mama msamaha kwa mchuzi.

Sitakuuliza habari ya siku ya lori. Lakini kama shangazi anakwenda kuzishika mbao kila asubuhi, mwambie ashike na zile za katikati. Za pembeni hudanganya.

Namba 14


6 Mei

Mwanangu,

Fundi ameniambia kuwa mnaandikiana. Nimemkaripia, kisha nimempikia chai.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika kukusamehe, halafu nikaona aibu, maana mwenye kusamehewa si wewe.

Kabla ya lori lile la kwanza, fundi alisema mbao zingoje wiki kumi na mbili. Zilikuwa na wiki tatu. Nilikuwa nimemsikia mkandarasi akiwaambia watu kwenye kisima kwamba hatutapeleka hata ubao mmoja mjini mpaka kuku waote meno. Nikaenda kwa fundi nikamwambia, "Kesho tunapakia." Akasema, "Hazijakauka." Nikasema, "Zitakaukia njiani." Akasema, "Njia ni ya siku moja, mama." Nikamwambia yeye ni fundi na mimi ni katibu. Kisha nikaenda kwenye kamati nikasema fundi ameridhika. Fundi alikuwa amekaa pale pale. Alitazama viatu vyake akanyamaza, kwa heshima yangu.

Kwa hiyo karatasi ya Namba 14 niliielewa kabla sijamaliza kuisoma. Nilimtukana mkaguzi kwa sababu hakuwepo pale kunijibu, na kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumtazama fundi. Halafu nikakuandikia wewe matusi yale yale, nikaweka na stempu.

Mkutano ulisogezwa siku chache, umefanyika juzi. Nilikuwa nimepanga hotuba. Niliposimama niliona sina, nikawaeleza hivi nilivyokueleza. Nikasema mbao hazikukataliwa kwa sababu sisi ni watu wa msituni. Zilikataliwa kwa sababu mimi nilikuwa na haraka, na aliyezikataa ni mtoto wetu, na alikuwa sahihi. Kwenye benchi la shemeji yangu watu walicheka. Nilikaa nikijua nimeuza msitu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndipo akasimama dada anayetunza kitalu cha miche, ambaye husema mara mbili kwa mwaka. Akamgeukia mkandarasi. "Na wewe, katika kazi zako zote, umewahi kukosea?"

Mkandarasi akatabasamu. "Kampuni yangu haijawahi kukosea."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Dada akakaa. Akasema akiwa ameshakaa, "Basi huyo hatufai. Akija kukosea hatatuambia."

Hakukupigwa kura siku ile. Wamekubaliana kungoja mzigo wa pili. Ukikubaliwa, msitu unabaki na sisi. Ukirudi, nitakabidhi daftari na ufunguo wa ofisi, na wao waitane na mkandarasi. Fundi anasema zimefika kumi na sita.

Njoo nyumbani. Sina la kukuonyesha ila mbao.

Shangazi yako


18 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea uwanjani nikiwa nimekaa juu ya magogo ya watu, na safari hii vumbi lilikuwa halipo, nikakosa cha kusingizia.

Nimemwambia bosi wangu. Nilimweleza kwamba mzigo wa Februari ulikuwa wa nyumbani na kwamba nilinyamaza. Alifungua faili, akasoma vipimo vyangu vyote sitini. Akasema, "Ungedanganya ningekufukuza. Hukudanganya, ila ulificha." Amenipa onyo la maandishi, na mzigo wenu wa pili utapimwa na Namba 9. Nikuambie ukweli kuhusu Namba 9: hajawahi kumpitisha hata mkwe wake kwenye mlango bila kumtazama miguu. Ubao ukiwa na ufa wa unene wa unywele anauona. Kwa hiyo msilete kwa matumaini. Leteni ukiwa tayari.

Mimi nimehamishwa kwa miezi miwili kwenye banda la kukaushia. Walidhani ni adhabu. Najifunza kila siku kitu ambacho ningetamani kukijua Februari.

Nitakuja tarehe nane Juni, siku kumi. Kuna kipimo cha zamani ambacho ofisi inakitupa, kioo kimepasuka lakini kinasema kweli. Nimeomba nikaruhusiwa kukichukua. Mwambie fundi mchuzi umeokoka.

Mpwa wako


2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Fundi anatembea na kile kipimo kifuani kama daktari, na juzi amekichomeka kwenye meza ya jirani na kumtangazia kwamba meza yake ina asilimia kumi na moja, hongera.

Najua umeshasikia huko ofisini, lakini acha nikuambie kama tulivyosikia sisi. Lori lilirudi tupu. Tulisikia linavyoruka kwenye mashimo, na fundi akasema, "Hilo halina kitu mgongoni," kabla halijaonekana. Dereva safari hii alishuka. Kati ya mbao mia mbili na arobaini, Namba 9 amepokea mia mbili ishirini na moja. Kumi na tisa amezikataa, zimebaki huko huko kiwandani, na kwa kila moja ameandika sababu yake: fundo limeoza, ncha imepasuka, huu umepinda. Nimeisoma karatasi yake mbele ya watu mstari kwa mstari, hata zile zilizokataliwa, na nilipomaliza shemeji yangu ndiye aliyeanza kupiga makofi. Nimeamua kutomwuliza kitu.

Kura imepigwa Jumamosi. Walioinua mikono kwa mkandarasi ni tisa. Mwenyewe ameondoka bila kuaga. Barabara bado ni ile ile ya mashimo, na mabati hatujapata, nisikudanganye. Lakini kiwanda kimeandika kinataka mzigo mwingine Desemba, na vijana wanne waliokuwa wamefunga mabegi kutafuta kibarua mjini wameanza kazi kwa fundi. Dada wa kitalu ameomba eneo mara mbili ya lile la zamani. Tumempa.

Jana alikuja afisa misitu, binti mwenye umri kama wako, na ramani kubwa. Tuliitandaza sakafuni ofisini tukaikandamiza kwa matofali. Msitu wote umegawanywa vipande thelathini, kila mwaka kimoja. Alikuwa na fomu ya kujaza wasimamizi. Vipande vyote vya miaka ya karibu vilipata watu upesi. Kisha akasema, "Kipande cha kwanza, mlichokata mwaka huu, kitarudiwa baada ya miaka thelathini. Msimamizi nimwandike nani?"

Watu wakaanza kutazamana, kila mmoja anahesabu umri wake kimoyomoyo.

"Niandike mimi," nikasema.

Akanitazama kwa huruma. "Mama, una miaka mingapi?"

"Hamsini na minane."

"Utakuwa na themanini na minane."

"Ndiyo maana nataka uandike leo," nikamwambia, "nisije nikapanga safari nyingine."

Akaandika. Wino wa bluu, herufi kubwa. Ukiwahi kuona jina la mtu likiandikwa mahali ambapo hapo awali lilifutwa, utajua nilivyojisikia, sina maneno zaidi ya hayo.

Chini ya jina langu kuna mstari wa msaidizi. Afisa aliuliza amwandike nani, nikamwambia auache wazi. Sikutaja mtu. Fomu iko kwenye droo ya meza yangu, haina haraka, tumepewa mpaka mwisho wa mwaka.

Uje na kalamu yako.

Shangazi yako